Stempu za samaki na karatasi zake mbili

Anayeanza kukusanya stempu hapa Mbeya huanza kama nilivyoanza mimi. Anapata furushi la bahasha za zamani, za mjomba aliyekuwa karani au zilizookotwa soko la Mwanjelwa kabla hazijafungiwa karanga, anajaza beseni maji ya moto na kuzimwaga zote humo. Baada ya saa moja ana stempu safi, ila sehemu ya ushahidi imekwenda na maji. Kwa hiyo kabla ya yote, beseni likae pembeni.

Sababu yenyewe ni karatasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walianza kuchapa stempu nyingi za makoloni yao kwenye karatasi iliyopakwa chaki usoni. Walikuwa wanawakomoa wajanja waliofuta muhuri wa posta ili stempu itumike mara ya pili: ukisugua muhuri, chaki inabanduka na picha inaondoka nayo. Mtego ule haujui kutofautisha mwizi na mkusanyaji. Ukiloweka stempu ya chaki kwenye maji ya moto, kisha ukaipitishia kidole gumba ikiwa mbichi, unajifanyia mwenyewe kile alichotegewa mwizi. Tumia maji baridi, elekeza uso juu, na subiri hadi iachie yenyewe. Zenye rangi ya zambarau na kijani za enzi za wafalme wa Uingereza usiziloweke kabisa, kwani baadhi zilichapwa kwa wino uliotengenezwa makusudi uyeyuke. Kata bahasha kuizunguka stempu, uihifadhi hivyo hivyo.

Shule nzuri ya kujifunzia karatasi, na ya bei rahisi kwetu, ni stempu za samaki za Tanzania zilizotoka Desemba 1967. Zilitumika kwa miaka, kwa hiyo bado zinapatikana kwenye bahasha za zamani za Iringa, Njombe, Tukuyu na Mbozi. Picha zinafanana, meno ya kingo yanafanana, lakini karatasi ni mbili. Za mwanzo zilichapwa kwenye karatasi ya chaki. Zilizofuata, miaka ya 1970, zilichapwa kwenye karatasi ya kawaida iliyong'arishwa. Katalogi ya Stanley Gibbons, kitabu cha Uingereza kinachoorodhesha stempu na bei zake, inazipa mistari tofauti, na bei za mistari hiyo zinaweza kupishana.

Kwa stempu mpya, gundi ya nyuma ingesaidia kidogo. Sisi wa stempu zilizotumika gundi tumeshaiosha, ila tuna kitu ambacho mwenye stempu mpya hana: muhuri wenye tarehe. Samaki aliyegongwa muhuri Iringa mwaka 1968 ni wa chaki, hakuna mjadala, kwa sababu karatasi ile nyingine ilikuwa haijafika. Tafuta watatu au wanne wa namna hiyo, wenye tarehe inayosomeka, uwabandike kwenye kadi nyeusi kwa vibandiko vya albamu. Hao ndio mashahidi wako. Kila stempu yenye shaka ilaze kando yao, zote chini ya mwanga mmoja. Angalia tu usigeuze hoja kichwa chini: muhuri wa 1974 hauthibitishi kwamba karatasi ni ya kung'aa. Akiba ya zamani iliweza kukaa kwenye droo ya posta ndogo miaka mingi kabla ya kuuzwa.

Kulinganisha ni kazi ya asubuhi. Mimi hukaa dirishani saa tatu, jua likiwa bado limelala, nikaishika stempu kwa kibano na kuiinamisha taratibu mpaka mwanga uupige uso wake kwa ubavu. Iliyong'arishwa hurudisha mwanga kama kioo cha saa ya mkononi. Ya chaki ni laini lakini imetulia, mfano wa ukuta uliopigwa chokaa. Taa ya umeme ya dari inakudanganya, kwa sababu chini yake kila kitu kinang'aa. Na usihukumu stempu yenye unyevunyevu. Mvua za Tukuyu zikishika, karatasi huchukua siku mbili kukauka kweli, hata ukidhani imekauka. Zipange kati ya karatasi nyeupe za kunyonya maji, juu yake kitabu kizito. Gazeti jipya linaachia wino.

Kuna jaribio la fedha, yaani madini ya fedha, ambalo utaelekezwa na kila mtu. Ukigusisha kitu cha fedha halisi kwenye karatasi ya chaki, kinaacha mstari wa kijivu. Kwenye karatasi ya kawaida hakiachi kitu. Ni jaribio la kweli, na ndilo lililoniharibia stempu. Nilikuwa na ya King George wa Sita, safi, nikaichora na pete ya fedha katikati ya uso. Mstari ukatoka. Nikafurahi, nikampelekea mzee mstaafu wa reli aliyenifundisha mambo haya. Akaitazama, akanirudishia. "Mwanangu, umejua karatasi, lakini stempu huna tena." Mstari ule haufutiki. Ukilazimika, fanya kwenye ncha ya jino moja, kwa stempu mbovu isiyokuuma. Mimi siku hizi silifanyi, mashahidi wangu wanatosha.

Hizo za King George wa Sita zenyewe ni darasa jingine. Wakati wa Vita vya Pili karatasi ya chaki ilipungua, na stempu kadhaa za makoloni ya Uingereza zikahamia karatasi ya kawaida, kisha baada ya vita baadhi zikarudi kwenye chaki. Tazama kwa lenzi mistari myembamba ya picha. Kwenye chaki wino umekaa juu na mistari inakata vizuri. Kwenye karatasi ya kawaida wino umezama, mistari imefifia kidogo.

Kitochi cha miale ya zambarau, kile ambacho mawakala wa pesa hukagulia noti, kinasaidia sana kwa stempu za kuanzia miaka ya 1960, hasa za Uingereza, ambazo karatasi yake nyingine inawaka bluu na nyingine imelala. Ila ukiziosha pamoja na vipande vya bahasha nyeupe za siku hizi, au kwenye beseni lililobaki na sabuni ya unga, zote zitawaka! Dawa inayong'arisha shati jeupe inahamia kwenye stempu. Nilitumia mwezi mzima nikiamini nimegundua kitu kumbe nimegundua sabuni.

Za zamani zaidi zina vituko vyake. Kwa stempu za mfalme George wa Tano zilizochapwa kwenye karatasi ya rangi, geuza nyuma kwanza. Koloni kadhaa zilitoa, mnamo 1913 na 1914, zenye rangi usoni tu na mgongo mweupe. Ukibahatika kupata ya Wajerumani yenye muhuri wa Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, usiiloweke, usiibandue, usiichore. Iache kwenye bahasha yake. Chapa ya maji, alama iliyofichwa ndani ya karatasi, yenye umbo la almasi, iliyokuja kwenye karatasi ya stempu hizo kuanzia 1905, utaitafuta siku nyingine kwenye ile ambayo tayari imebanduka, kwa tone la benzini ya kujazia kiberiti kwenye kisahani cheusi, mbali na jiko.

Utabaki na zisizoamuliwa. Mimi ninazo kwenye kopo la maziwa ya unga, zaidi ya arobaini, nyingi zikiwa samaki wa senti 30 waliogongwa muhuri usiosomeka. Kila kiangazi ninazitoa, ninaziinamisha dirishani, mbili tatu zinahamia kwenye albamu. Mwaka jana moja ilirudi kopo.