IELTS na CCNA kwa msimu mmoja ukiwa kazini: jibu refu kwa aliyeuliza

Ndugu, nimesoma swali lako. Wewe ni fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja Barabara ya Mombasa, jioni unapanda matatu mbili hadi Kasarani, na unataka kuomba shahada ya uzamili ya mitandao Uingereza. Chuo kimekuambia ulete alama 7 ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, na bosi anataka CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, kabla hajafikiria kukupandisha cheo. Unauliza uanze na upi, kama darasa la jioni mjini lina faida, na kama yale "maswali halisi" yanayouzwa kwenye vikundi vya WhatsApp yanasaidia. Mitihani hiyo yote miwili nimeifanya nikiwa kazini, hapa hapa Nairobi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Waliotangulia wamekuambia tu usome kwa bidii, na hilo ulilijua kabla hujauliza.

Kabla hujalipa chochote, rudi kwenye ukurasa wa chuo chenyewe. Vipo vyuo vya Uingereza vinavyokubali alama ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, badala ya IELTS. Kama chako ni kimojawapo, umeokoa pesa na miezi. Kama lazima IELTS, uliza ni ipi: Academic ndiyo ya vyuo, General Training ni ya wengi wanaohamia nchi za nje kikazi, na ipo nyingine ya UKVI kwa ajili ya viza za Uingereza. Ukikalia isiyotakiwa, hata ukipata 9 haitakufaa.

Kuhusu utangulie na upi: anza na CCNA. Matokeo ya IELTS hukubalika kwa miaka 2 tu, cheti cha CCNA kinaishi miaka 3, na CCNA ndiyo inayokula muda mrefu wa maandalizi. IELTS ya kompyuta matokeo yake hutoka ndani ya siku chache, kwa hiyo unaweza kuisogeza karibu na tarehe ya kuomba chuo. Lakini usielewe kwamba uisahau hadi CCNA iishe. Mitihani hii miwili inakuangusha kwa njia moja, na dawa yake ni moja.

Njia yenyewe ni hii: unajibu swali ulilodhani umeulizwa. Chukua sehemu ya kusoma ya IELTS, saa 1 na maswali 40. Kuna aina ya maswali ambapo unapewa sentensi, useme kama ni kweli, si kweli, au haikutajwa kwenye kifungu. Tuseme kifungu kinasema reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, kisha kinaendelea na habari za mji ulivyokua. Sentensi ya swali inasema reli hiyo ilijengwa na vibarua wengi kutoka India. Sisi tuliosoma historia ya Kenya tunajua hilo ni kweli, mkono unaenda wenyewe kwenye "kweli". Unakosa. Kifungu hakikusema, basi jibu ni "haikutajwa". Mtahini haulizi unajua nini kuhusu reli, anauliza karatasi imesema nini.

Sasa njoo CCNA. Unaonyeshwa jedwali la njia la rauta, kifaa kinachopitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kuna njia ya 10.1.1.0/24 iliyotoka kwa OSPF, na njia ya 10.1.1.128/26 iliyotoka kwa RIP; hizo mbili ni itifaki ambazo rauta huzitumia kuelezana njia. Pakiti inaelekea 10.1.1.130. Itapita wapi? Aliyekariri kwamba AD (namba ya kuaminika kwa chanzo cha njia, ndogo ndiyo bora) ya OSPF ni 110 na ya RIP ni 120 anachagua OSPF mara moja, anafurahi, anaendelea. Naye amekosa. Rauta hutazama kwanza prefiksi, yaani sehemu ya mtandao inayoonyeshwa na namba baada ya mkwaju, iliyo ndefu zaidi inayoingia anwani ile, na /26 ile inashika kuanzia 128 hadi 191. AD hulinganishwa pale tu njia mbili zinapogombea prefiksi ileile. Namba alizikariri sawasawa, ila hakuna aliyemwuliza namba hizo.

Mtindo huo utaukuta kila mahali. Kwenye kusikiliza, IELTS inakuambia uandike maneno yasiyozidi mawili. Ukiandika matatu, hata kama jibu limo ndani yake, ni sifuri. CCNA inakuambia uchague majibu mawili, na wewe umesoma haraka unatafuta moja. Kwa hiyo kila unapofanya zoezi la upande wowote, jizoeze kusoma swali, kulisema kwa maneno yako mwenyewe, ndipo uangalie majibu. Mwanzoni utajiona unachelewa. Kasi huja baadaye, na inahitajika: CCNA ni dakika 120 na ukishaenda swali linalofuata hurudi nyuma tena, na sauti ya IELTS huchezwa mara moja tu.

Tuje kwenye jambo ninalotaka ulichukue kuliko yote: usifungue daftari mbili. Masomo ya mitandao yawe ndiyo mazoezi yako ya Kiingereza.

Kazi ya kwanza ya kuandika katika IELTS Academic inataka maneno 150 au zaidi, na inashauriwa uitumie kama dakika 20. Mara nyingine ni grafu au jedwali, mara nyingine ni ramani, mara nyingine ni mchoro wa hatua za mchakato. Sasa ni mchakato gani unaoujua vizuri kuliko DHCP, ule wa kuzipa kompyuta anwani za mtandao? Kompyuta inawashwa, haina anwani, inatangaza ombi kwa wote mtandaoni. Seva inapendekeza anwani. Kompyuta inaomba rasmi anwani ile ile. Seva inathibitisha na kutaja muda wa kuimiliki. Keti uandike hayo kwa Kiingereza, kwa kauli ya kutendwa, kila hatua ikifuata nyingine kwa viunganishi tofauti, na mwanzoni uweke sentensi moja au mbili za muhtasari zinazosema mchakato mzima una hatua ngapi na unaishia wapi. Muhtasari huo usiuache, wengi wenye Kiingereza kizuri wanapoteza alama hapo. Wiki inayofuata andika jinsi swichi zinavyochagua ile iliyo mzizi katika STP, itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi. Kisha fungua rauta ya ofisini, chukua grafu ya matumizi ya intaneti ya wiki nzima, uieleze: inapanda saa ngapi, inashuka lini, siku ipi imetofautiana na nyingine. Ukimaliza umeandika IELTS, na umegundua pia ni wapi hukuielewa DHCP, maana usichokielewa hakiandikiki.

Kuongea ni vivyo hivyo. Mahojiano yote ni dakika 11 hadi 14. Sehemu ya pili unapewa kadi, dakika 1 ya kujiandaa, halafu uzungumze peke yako hadi dakika 2. Kadi haitakuuliza OSPF, itakuuliza mtu unayemheshimu au kifaa ulichonunua. Lakini anayeweza kusimama jikoni akaeleza kwa dakika 2 bila kukwama kwa nini kampuni hugawa mtandao wake kwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile, huyo kadi ya kifaa haitamsumbua. Jirekodi kwa simu, usikilize. Inachosha na inaaibisha, ila inafanya kazi. Na tafadhali, acha tweng, ile lafudhi ya kuiga. Watahini wanatazama ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi yanayoeleweka. Lafudhi ya Kikenya haikatwi alama. Anayelazimisha lafudhi ya Marekani aliyoipata kwenye filamu hutumia akili yake yote kwenye ulimi, hoja zikabaki hazina mwenyewe.

Insha ya pili, ile ya maneno 250, ndiyo yenye uzito mara mbili ya ile ya kwanza, nasi wa Kenya tuna mzigo wetu hapo. Shuleni tulisifiwa kwa kufungua insha kwa methali na maneno mazito mazito. IELTS hailipi hayo. Jibu swali katika aya ya kwanza, kila aya iwe na hoja moja na mfano wake, basi. Kisha utunze dakika za mwisho ukague vitu vidogo: Kiswahili hakina vijineno kama "a" na "the", kwa hiyo tukiandika haraka vinaanguka njiani, na "yeye" wetu mmoja hutufanya tumwite bibi kwa kiwakilishi cha bwana. Fanya IELTS ya kompyuta kama unachapa kila siku. Skrini inakuhesabia maneno. Upande wa kusikiliza, ya kompyuta inakupa dakika 2 tu za kukagua, basi zoea kuandika jibu papo hapo.

Kugawa sabneti, yaani kukata mtandao mmoja uwe vipande vidogo, kunahitaji kichwa, kwa sababu hakuna kikokotoo. Matatu ya Thika Road ndiyo darasa lake. Ukipata nganya yenye muziki wa kupasua masikio, mazoezi ya kusikiliza hayawezekani, basi weka simu mfukoni uchukue anwani yoyote: 172.16.5.77/27. Barakoa (mask) ya /27 inaishia 224, toa kwenye 256 unabaki na 32, kwa hiyo mafungu yanaenda 0, 32, 64, 96. Ile 77 iko fungu la 64, anwani ya kutangazia ni 95, vifaa vinapata 65 hadi 94. Unapofika Roysambu uwe umefanya nyingi. Lengo ni kufika mahali ambapo hufikirii tena.

Kwa mazoezi ya vitendo usiende Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, kununua swichi kuukuu. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ni ya bure, unaipata ukijisajili Cisco Networking Academy, na laptopu ya kawaida ya ex-UK inaiendesha. Jenga, kisha vunja mwenyewe: toa VLAN kwenye tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi), badilisha eneo la OSPF upande mmoja, halafu ujirekebishe kwa "show ip route" na "show vlan brief" bila kuangalia ulichovunja. Gawa muda kufuata uzito wa mtihani: uelekezaji wa IP ni asilimia 25, misingi ya mitandao 20, swichi na wifi 20, usalama 15, huduma kama NAT (kubadilisha anwani) na DHCP 10, na uendeshaji kwa programu 10. Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Ujue kusoma JSON, muundo wa maandishi wa kubebea data, na ujue kwa nini kidhibiti cha kati kipo, hutahitaji zaidi ya hapo sana.

Darasa la jioni? Niliwahi kulipia moja mjini, mwalimu alisoma slaidi na sisi tukanakili. Kama unapata mtu wa kukusahihishia insha zako kwa kalamu nyekundu, mlipe huyo, maana kuandika ndiko kusikojisahihisha. Mengine utajifundisha. Nyumbani kukiwa na kelele, nenda Maktaba Kuu ya taifa pale Upper Hill, au zile za kaunti za Makadara na Kaloleni Jumamosi.

Dampu, yaani yale "maswali halisi" ya WhatsApp, sitazizungushia maneno. Kabla ya mtihani unakubali masharti yanayokataza, na Cisco wanaweza kufuta cheti chako. Tena mengi yanayouzwa yana majibu ya uongo. Niliwahi kutumiwa faili moja, na swali la prefiksi kama lile la hapo juu lilikuwa limejibiwa kwa AD. Na wewe unakwenda kusoma uzamili wa mitandao. Utaficha nini darasani?

CCNA unaweza kuifanyia nyumbani, kamera ikikutazama, ila kwa mtaa wenye majirani, honi na umeme unaokatika bila taarifa, nenda kituoni. Ada ni dola 300 kabla ya kodi, si pesa ya kucheza kamari na stima. Kituoni unapewa ubao mdogo wa kuandika na kufuta. Saa inapoanza, andika kwanza 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1 na barakoa zake chini.

Mwisho ni majina. Kitambulisho ulichojisajilia ndicho utakachoingia nacho, na jina lazima lilingane. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye akaunti tulizofungua zamani kwa haraka. Fungua akaunti yako ya Cisco leo uangalie, na kama hailingani waandikie kabla hujachagua tarehe, kwa sababu marekebisho hayo huchukua siku, na mhudumu wa kituoni hana uwezo wa kukubadilishia mlangoni.