TB ya tumbo bila kikohozi: inawezekana

Habari dada. Kwa hiyo kaka yako kapasuliwa kwa dharura hapo Mbarara, utumbo ulikuwa umeziba, na sasa daktari anasema ni TB wakati hakohoi na makohozi hayakuonyesha kitu. Inawezekana kabisa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji Kampala. Wagonjwa wa TB ya tumbo hawaji wengi, ila wakija huja hivyohivyo: tumbo limejaa, anatapika, choo hakipiti, na picha ya kifua mara nyingi ni safi.

Kwanza uliza: kile kinyama kilichokatwa kilipelekwa patholojia (maabara inayochunguza vinyama)? Majibu yako wapi? (Yasipofuatwa na ndugu, hukaa hukohuko.) GeneXpert (kipimo cha mashine cha kutafuta vijidudu vya TB) isipoona TB kwenye kinyama, bado haijaiondoa. Apimwe na VVU. Kama anatumia dolutegravir (dawa ya VVU) waambieni madaktari, maana rifampicin (dawa ya TB) huipunguza nguvu na dozi hubadilishwa.

Upasuaji umefungua njia tu, ugonjwa bado upo. Dawa kwa kawaida ni miezi 6, bure vituo vya serikali, asiache hata akijisikia mzima. Mkojo wa rangi ya chungwa usiwatishe, ni rifampicin hiyo. Akitapika tena au tumbo likikaza, mrudisheni hospitali usiku huohuo.