Muulize Fundi: Mpira wangu unapasukia kwenye rola

SWALI: Fundi, shikamoo. Nalima nyanya ekari mbili hapa Ngarenanyuki. Nina bomba la kupulizia dawa la injini ya petroli, na mpira wa mita 100 unaoviringishwa kwenye rola ya kuzungusha kwa mkono. Msimu huu mpira umepasuka mara tatu, kila mara karibu na rola. Tena katikati ya rola panavuja. Nimezungushia tepu nyeupe ya mabomba, juu yake nikafunga tyubu ya baiskeli, bado. Je, niliuziwa mpira feki? Mkulima wa nyanya, Ngarenanyuki.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Huenda ni feki, siwezi kuapa bila kuushika. Ila mpira mbovu hupasuka popote, na wako unachagua mahali pamoja tu. Kwa hiyo nakuuliza: mnauvuta mpaka wapi?

Nahisi mnauvuta mpaka rola inabaki tupu. Hapo ndipo penye kesi. Mpira wenye tundu la ndani la milimita 8.5 na urefu wa mita 100 unabeba karibu lita sita za dawa, yaani kilo sita, mbali na uzito wa mpira wenyewe. Mzunguko wa mwisho ukishatoka, mzigo wote huo, pamoja na nguvu za kijana anayevuta kule mwisho wa tuta, unaangukia kwenye shingo fupi, pale mpira unapounganishwa na rola kwa klipu. Nyuzi zilizo ndani ya mpira zinakatika moja moja, na kwa nje huoni kitu mpaka siku unapopasuka. Acha mizunguko minne kwenye rola, isitoke kamwe. Mimi huwa napaka rangi nyekundu pale mpira unapotakiwa kuishia, maana kumwambia kibarua "usivute sana" hakusaidii, kila mtu ana "sana" yake. Shamba likizidi urefu wa mpira, sogeza mashine. Na iwekeni rola itazame upande mnaovutia. Mpira ukivutwa kwa pembeni unasuguana na chuma cha fremu kama kamba ya kisima.

Pili, kuviringisha. Nilipokuwa kijana niliajiriwa kwenye shamba moja la mboga. Jioni tulikuwa tunaviringisha injini bado inanguruma, gani (bunduki ya kupulizia) imefungwa, tukidhani tunaokoa muda. Mpira wenye presha ni mgumu kama fimbo, nasi tukazidi kukaza mkono ili ukae. Hatukumaliza msimu, mashavu ya rola, yaani sahani zake za pembeni, yakatanuka kwa nje na mpira ukawa unadumbukia pembeni kwenye ekseli. Bosi alinikata mshahara, na leo nakiri alikuwa na haki. Zima injini, bonyeza gani mpaka presha iishe, ndipo uviringishe. Mtu mmoja azungushe, mwingine ashike mpira kwa kitambaa chenye maji, aupeleke kushoto na kulia taratibu kama fundi cherehani anavyojaza bobini. Kitambaa kinafuta mchanga, na mkono unasikia uvimbe kabla haujawa tundu. Wote wawili wavae glavu, hiyo ni sumu. Kwenu mawe ya Meru yana makali, kwa hiyo lazeni mpira kwenye njia, msiukatishe juu ya matuta.

Sasa huo uvujaji. Vua tyubu, vua na tepu. Tepu inaziba nyuzi za kukazia, zile za skrubu, lakini maji yako yanatoka pale kinapozunguka kiungo cha katikati, na hapo kinachoziba ni oringi, kipete cha mpira. Kifungue, mashine ikiwa imezimwa na presha imetoka. Itoe oringi ya zamani uende nayo dukani, usikadirie kwa macho. Pitisha ukucha kwenye chuma inapokaa; ukucha ukikwama kwenye mchubuko, badilisha kiungo chote, maana oringi mpya italiwa vilevile. Paka grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya gari inazivimbisha baadhi ya oringi. Na tafadhali, usitafute tundu kwa kidole mashine ikiwa inafanya kazi. Dawa ya presha kubwa inaweza kupenya ngozi, na hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Kabla ya kuviringisha, suuza. Lita sita zinatosha kusukuma tu dawa iliyobaki, kwa hiyo tumia ishirini. Maji hayo yapulizie kwenye nyanya zilezile, usiyamwage mferejini. Kuna watu wa chini yako.

SWALI: Rola yangu ni ya plastiki, nayo inakaa nje mwaka mzima. Nibadilishe niweke ya chuma? Mama Wawili, Mwea.

JIBU: Mama, ya plastiki haina ubaya, jua ndilo baya. Ukiona imepauka, na ukikwaruza inatoa unga mweupe, imeshachoka. Ya chuma nayo itapata kutu ukiiacha hapohapo nje. Iingize stoo, kando na chakula na watoto. Kama stoo haipo, gunia mbili juu yake ni bei rahisi kuliko rola.