Beetle inagoma kuwaka ikishapata moto

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya 1971, ya volti 12. Asubuhi inawaka bila shida. Nikiiendesha saa nzima nikaizima, nikiwasha tena nasikia "tak" moja tu, ingawa taa ziko kali. Ikipoa nusu saa inakubali. Betri ni mpya, stata imebadilishwa, na fundi anataka tuibadilishe tena. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue stata kwanza. Katika Beetle, umeme wa kuamsha otomatiki ya stata (swichi ya sumaku iliyo juu ya stata) huzunguka mbali: kutoka betri chini ya kiti cha nyuma hadi swichi ya ufunguo mbele, kisha hurudi hadi kwenye gia boksi kwa waya mwembamba mwekundu wenye mstari mweusi. Swichi iliyochakaa na kila kiungo chenye kutu hula volti. Koili ya otomatiki nayo ikipata moto, ukinzani wa shaba yake hupanda. Joto likiongezeka nyuzi 60, ukinzani huongezeka karibu robo. Ndiyo maana umeme unaotosha asubuhi unashindwa kuvuta mchana.

Pima gari likiwa limegoma, gia huru, handbreki juu. Msaidizi ashikilie ufunguo. Wewe pima kati ya terminali 50 ya stata (pale unapoingia ule waya mwekundu) na bodi ya stata, kisha kwenye nguzo za betri. Tofauti ikizidi volti 1, ubovu uko njiani.

Njia ya hasi ipime gari likiwa limepoa na stata inazunguka: kati ya nguzo hasi ya betri na gia boksi isizidi volti 0.3. Ikizidi, fungua mkanda wa shaba uliosukwa mbele ya gia boksi, piga msasa pande zote mbili hadi chuma king'ae. Gia boksi imekaa juu ya mipira, kwa hiyo huo mkanda ni muhimu mno.

Kama ubovu ni waya, toa hasi ya betri kisha funga relei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) ya ampea 40 karibu na stata. Miguu yake ina namba. Waya wa zamani uende 86. 85 kwenye bodi. 30 kwenye nguzo nene ya stata, yenye waya mnene wa betri, kupitia fyuzi ya ampea 30. 87 kwenye terminali 50. Kwa 30 na 87 tumia waya wa milimita 4 za mraba.

Volti zikiwa sawa na stata inazunguka kwa uzito, kagua bushi (pete inayoshikilia ncha ya shafti ya stata) iliyo ndani ya gia boksi. Mara nyingi haiji pamoja na stata mpya.

Ukirudisha kiti, hakikisha nguzo chanya ina kifuniko. Springi za kiti zikiigusa, kiti huwaka moto.