Utajuaje kama ni hasira ya haki au ni wivu?

Ndugu, umeuliza utajuaje kilichomo moyoni baada ya mwenzako kupewa uongozi wa kwaya ulioutarajia wewe. Usikimbilie kutubu. Toba ya jumla jumla, "Bwana nisamehe hasira", ndiyo kichaka cha wivu, kwa sababu hasira tunaikiri bila aibu, wivu hatuutaji.

Mungu huanza na swali. Kaini aliulizwa kwa nini uso umekunjamana (Mwanzo 4:6) kabla hajainua mkono juu ya nduguye Abeli; hakuna jibu lake lililoandikwa. Yona, aliyekasirika kwa sababu mji wa Ninawi umesamehewa, aliulizwa mara mbili kama anatenda vema kukasirika. Mara ya pili alijibu, tena vibaya, na kwa jibu hilo bovu akaonyeshwa kwamba anauhurumia mtango uliomea usiku mmoja kuliko mji huo wa watu zaidi ya 120,000.

Basi andika lalamiko lako, sentensi moja, kwa maneno ambayo ungemwambia rafiki, siyo lugha ya maombi. Kisha lifute jina la mwenzako. Kama kosa bado linasimama (katiba ya kwaya haikufuatwa, tuseme), hiyo ni hasira yenye kazi: Mathayo 18:15, wewe na mhusika, peke yenu. Kama sentensi inaporomoka jina likitoka, ni wivu. Angalia 1 Samweli 18:7-9: mfalme Sauli hakutukanwa, aliimbiwa elfu zake alizoua vitani. Kilichomchoma ni makumi elfu ya Daudi. Wivu wa namna hiyo usimpelekee mwenzako, utamtwisha mzigo asioweza kuutua. Mara nyingi utakuta vyote viwili. Andika sentensi mbili.

Ukiomba kwa Zaburi 139, usirukie "unichunguze" ya mstari wa 23. Anzia wa 19, pale mwandishi anapowaka juu ya adui zake. Ombi la kuchunguzwa limetoka katikati ya moto huo huo.

Na ule mstari wa jua lisichwe (Waefeso 4:26) watu huutumia kulazimisha kikao saa nne usiku, wote wamechoka, maneno yanazidi. Unachotakiwa kuutoa kabla ya giza ni uchungu wako, siyo kumaliza kesi. Zaburi 4:4, inayosikika nyuma ya maneno ya Paulo, inasema kutafakari kitandani na kutulia.

Asubuhi isome tena ile sentensi, kabla hujafungua kundi la WhatsApp la kwaya. Sauli, kesho yake tu, alikuwa na mkuki mkononi.