Maswali yenu: ECG, maandishi na zile asilimia 99 za uongo

Naona wengi mko kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, kila mtu kashusha PTB-XL, ile seti ya ECG (vipimo vya umeme wa moyo) za Ujerumani, kafungua MATLAB, programu ya hesabu, na anataka modeli inayokula mawimbi ya moyo pamoja na maandishi ili itambue tatizo la moyo. Haya, twende.

Shikamoo mwalimu. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, nikipakia rekodi zote MATLAB inaganda. Ninunue nyingine?

Marahaba. Usinunue kitu, piga hesabu kwanza. Rekodi ziko 21,799, kila moja sekunde 10, lidi 12 (pande 12 za kuutazama moyo), sampuli 500 kwa sekunde, hizo ni namba 60,000 kwa rekodi moja, na MATLAB usipoiambia kitu inatunza kila namba kwa baiti 8. Jumla inapita GB 10, hapo Windows haijala yake na Chrome umeijaza tabo. Chukua toleo la sampuli 100 kwa sekunde, limo humohumo kwenye folda ya records100, geuza iwe single (baiti 4 kwa namba), unabaki na GB 1 hivi. Ukiona lazima iwe 500 basi soma kwa datastore ya MATLAB, fungu kwa fungu.

Naomba MATLAB iliyokrakiwa, mkuu.

Sitoi. Ulizia chuoni kama wana leseni, wengi wanayo na hamjui. Kama hakuna, Python ni bure na maktaba ya wfdb inasoma hizo faili bila shida.

Nimeunganisha mawimbi na ripoti ya daktari, nimepata usahihi wa asilimia 99. Naweza kuandika paper?

Unaweza, na utaaibika. Hili swali linakuja kila mara na kila mara anayeuliza hajajiuliza lebo zake, yaani majibu sahihi ya kujifunzia, zimetoka wapi. Kwenye PTB-XL ripoti iliandikwa kwanza, halafu ndo ikageuzwa kuwa zile kodi za SCP (vifupisho vya majibu ya ECG) ambazo wewe unaziita lebo. Sasa umeipa modeli ripoti ileile. Fungua safu ya report kwenye ptbxl_database.csv utakutana na "sinusrhythmus normales ekg", yaani ECG ya kawaida kwa Kijerumani, na lebo pembeni ni NORM, yaani hana tatizo, hapo moyo unahitajika wa nini? Umempa mtoto mtihani na majibu kwenye bahasha moja.

Fanya hivi leo usiku. Chukua modeli hiyohiyo, mawimbi yote ya seti ya mtihani yajaze sifuri, pima tena. Ikibaki 98 ujue ule upande wa mawimbi uliouhangaikia wiki nzima ulikuwa pambo tu. Halafu treini modeli tatu, ya maandishi peke yake, ya mawimbi peke yake na ya vyote viwili, na zote tatu ziingie kwenye jedwali la ripoti yako, msimamizi asiyekuuliza hilo jedwali na yeye ana matatizo.

Maandishi yanayofaa ni yale yaliyojulikana kabla mtu hajaisoma ECG, mfano mgonjwa alilalamika nini alipofika. PTB-XL haina hayo. Ukiyataka nenda MIMIC-IV-ECG ya Boston, rekodi kama 800,000, inaungana na data za idara yao ya dharura ambako malalamiko ya mgonjwa yameandikwa, ila hizo za dharura hupewi mpaka umalize kozi ya CITI, ya maadili ya utafiti, na usaini mkataba. Na ukishasaini usije ukabandika maandishi ya wagonjwa kwenye chatboti ya mtandaoni eti ikufupishie, hiyo ni kuvunja mkataba uliousaini mwenyewe.

Nimegawa data kwa randperm (kuchanganya kwa bahati nasibu), 80 kwa 20. Iko poa?

Hapana! Wagonjwa ni 18,869 na rekodi ni 21,799, kwa hiyo wapo wenye rekodi zaidi ya moja, na wewe umemweka mtu huyohuyo pande zote mbili. Safu ya strat_fold imewekwa kwa kazi hiyo, 1 hadi 8 za kujifunzia, 9 ya kupimia ukiwa unarekebisha, 10 ya mtihani. Mbona hamsomi maelezo jamani.

Kuna wagonjwa wenye miaka 300. Data imeharibika?

Haijaharibika. Kila aliyepita miaka 89 wamemwandikia 300 ili asitambulike. Iweke 90 kabla hujafanya hesabu ya wastani.

Mwisho wa modeli niweke softimaksi (inachagua jibu moja) au sigmoidi (kila jibu linapimwa peke yake)?

Sigmoidi. Mtu mmoja anaweza kuwa na MI (shambulio la moyo) na HYP (moyo uliotanuka misuli) kwa pamoja.

BERT, modeli ya kusoma maandishi, ya Kiingereza inanipa matokeo mabovu kwenye ripoti.

Nyingi ni za Kijerumani. Umesoma hata moja?

Mimi ni nesi, Tanga. Tuna ECG za karatasi, naweza kuzipiga picha kwa simu nikazitumia pamoja na maelezo ya mafaili?

Dada, kabla ya simu anza na kibali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na jina la mgonjwa mara nyingi limechapwa palepale kwenye kona ya karatasi. Pata kibali cha maadili na ruhusa ya hospitali kwa maandishi, neno la bosi la mdomoni halikulindi.

Picha zenyewe pia zina mtego. Kwa kawaida karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kijiraba kimoja ni sekunde 0.04, ukipiga picha kwa upande vijiraba vinavutika na vipimo vyako vinahama. Halafu karatasi nyingi zinaonyesha kila lidi kwa sekunde 2.5 tu, sio 10, kwa hiyo modeli iliyotreiniwa kwa PTB-XL utaipa kitu ambacho haijawahi kukiona. Kamuulize fundi wa vifaa tiba kama mashine yenu inatunza faili ndani au inatoa kwa USB. Zipo nyingi zinazofanya hivyo na hakuna aliyewahi kubonyeza hiyo menyu.