Siku 14 za karantini zilisaidia nini? Jibu kutoka dawati la afya mpakani

Mleta mada ameuliza mambo mawili: je, kufunga mipaka na kuwaweka wasafiri karantini wakati wa UVIKO-19 kulisaidia chochote, na mlipuko mwingine ukija msafiri ajiandae vipi? Mchangiaji mmoja amejibu kwa mkato kwamba ulikuwa usumbufu mtupu, kwani kirusi kiliingia kila nchi. Wakati ule nilikuwa dawati la afya kwenye kituo cha mpakani, kazi yangu kukagua vyeti na kuamua nani apite na nani apelekwe karantini. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza tuelewane kuhusu lengo. Mpaka unafungwa ili kupata muda: muda wa kuandaa vitanda, kuagiza vipimo, kufundisha wahudumu, na baadaye kusubiri chanjo. Aliyewahi kufunga na akautumia muda huo vizuri alifaidika kweli. Angalieni homa kali ya mafua ya 1918. Samoa ya Marekani, chini ya gavana John Martin Poyer, ilizuia meli na kuweka karantini kali, na haikupoteza mtu kwa mafua yale. Visiwa jirani vya Samoa ya Magharibi viliruhusu meli ya Talune itie nanga Apia mwezi Novemba, na ndani ya muda mfupi takribani mtu 1 kati ya 5 alikuwa amekufa. Watu ni wale wale, bahari ni ile ile. New Zealand nayo ilifunga mipaka kwa wageni Machi 19, 2020, ikawaweka raia wake waliorejea kwenye hoteli maalumu kwa siku 14, na mwaka huo ukaisha ikiwa na vifo 25 tu vya UVIKO. Ilipokuja kufungua mwaka 2022, watu wake wengi walikuwa wameshachanjwa. Kwa hiyo ndugu yangu anayesema ilikuwa usumbufu mtupu, hapo sikubaliani naye kabisa.

Ila hivyo ni visiwa. Penye mpaka wa nchi kavu kuna malori, kuna watu wanaolala upande mmoja na kulima upande wa pili, na kuna njia za panya. Na ukichelewa, unafunga mlango mgeni akiwa ameshaketi sebuleni. Afrika Kusini iliripoti aina mpya ya kirusi, iliyoitwa Omicron, kwa Shirika la Afya Duniani (WHO) Novemba 24, 2021. Siku chache tu baadaye nchi nyingi zilizuia ndege kutoka kusini mwa Afrika. Kumbe Uholanzi walipokagua tena sampuli zao waliikuta kwenye sampuli ya Novemba 19, kabla ya taarifa yenyewe kutolewa. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Waliosema ukweli mapema ndio walioadhibiwa, na nchi nyingine zilikuwa zinatazama.

Sasa niwapeleke dawatini. Nchi nyingi zilidai cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za kirusi, kisichozidi saa 72. Saa 72 tangu lini? Kwenye cheti kuna nyakati mbili: saa sampuli ilipochukuliwa puani na saa majibu yalipotoka. Nchi nyingi zilihesabu tangu sampuli, wasafiri wengi walihesabu tangu majibu, na kati ya hizo mbili inaweza kupita siku nzima au zaidi. Nilipokea vyeti vilivyokunjwa mara nne, vimelowa jasho la mfuko wa shati, muhuri umeanza kuchujuka, na mwenye cheti ni dereva aliyekuwa kwenye foleni tangu kipimo chake kikiwa halali. Muda umemwishia akiwa kwenye usukani, hajashuka kwenda popote. Sheria inasema apimwe upya. Akipimwa upya anasubiri tena majibu, na foleni nyuma yake inarefuka.

Hili halikuwa la kituo kimoja. Machi 2020, Ulaya iliporudisha ukaguzi kati ya nchi zilizozoea kupitana bila kusimama, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kwenye mpaka wa Ujerumani na Poland. Machi 23 Kamisheni ya Ulaya ikazitaka nchi zitenge njia maalumu za mizigo ambako lori lisikae zaidi ya dakika 15, kupima afya kukiwemo. Afrika Mashariki nako madereva walikwama Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakisubiri majibu ya vipimo, foleni nayo ikaenda makumi ya kilomita. Dereva wa lori ndiye aliyekuwa anabeba dawa na chakula, halafu yeye huyo ndiye aliyelala barabarani bila choo. Ukikusanya watu namna hiyo siku mbili tatu, unatengeneza mahali pa kuambukizana.

Kuhusu kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso sina mengi. Anayeumwa bila homa anapita, aliyemeza paracetamol anapita. Wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu uliosambaa mwaka 2003, Kanada ilikagua wasafiri wanaokadiriwa kuwa milioni 6.5 kwenye viwanja vyake vya ndege na haikupata mgonjwa hata mmoja wa SARS.

Siku 14 zenyewe zilikuwa na msingi. Kirusi cha mwanzo kilikaa mwilini wastani wa siku 5 kabla ya dalili, na wachache walifika karibu wiki mbili. Kwa hesabu hiyo hiyo, kwa Ebola, ambayo dalili zake zinaweza kuchelewa hadi siku 21, mtu anafuatiliwa siku 21. Omicron ilitoa dalili haraka zaidi, na nchi nyingi zikashusha siku hadi 10, 7, hata 5. Wengi waliona huko kupunguzwa ni dalili kwamba namba zilikuwa za kubuni. Hapana, tabia ya kirusi ilibadilika, na kanuni zinapaswa kukifuata.

Lakini kilichoamua kama karantini ingeshika, kwa niliyoyaona mimi, ni swali moja: nani analipa? Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 ziko wazi. Ibara ya 40 inasema msafiri asiyeenda kuomba ukaazi asitozwe gharama za karantini anayolazimishwa, na Ibara ya 32 inataka apewe chakula, maji, malazi na njia ya kuwasiliana. Nchi nyingi ziliwapeleka watu hotelini na kuwakabidhi bili. Matokeo yake tuliyaona dawatini. Mtu ukimuuliza ametokea wapi, anatazama kwanza walio mbele yake wamepelekwa wapi, ndipo anajibu. Mama mwenye watoto wawili anayejua atalipia chumba wiki mbili hatakuambia kwamba jana mtoto alikohoa. Kipindi ambacho kituo chetu kilikuwa na vitanda vya bure, chakula na chaji ya simu, watu walikuja wenyewe kusema wanajisikia vibaya. Huduma hiyo ilipoondolewa, dawati likawa kimya, na njia za panya zikajaa. Ugonjwa haukuwa umepungua.

Na hata hoteli zilitaka umakini. Melbourne, Australia, mwaka 2020, kirusi kilitoka kwenye hoteli za karantini kupitia wafanyakazi wake na kuzaa wimbi la pili. New Zealand waligundua maambukizi kati ya vyumba vilivyotazamana kwenye korido, milango ikifunguliwa kwa sekunde chache tu. Mlinzi na mfagizi wanahitaji barakoa nzuri na mshahara wa siku wanazoumwa kuliko mwingine yeyote pale.

Ukisafiri wakati wa mlipuko, basi, hesabu saa zako tangu sampuli na ujiachie nafasi ya foleni. Jina kwenye cheti lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, maana mashine haijui kwamba ni wewe. Kama uliugua ukapona, beba barua ya daktari yenye tarehe: PCR inaweza kuonyesha mabaki ya kirusi wiki nyingi baada ya wewe kuacha kuambukiza, na afisa hana namna ya kujua bila karatasi. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo usichanjwe ukiwa njiani, na tangu Julai 2016 ni cha maisha, asikurudishe mtu eti kimepita miaka kumi. Ukipelekwa karantini, omba kwa maandishi siku ya kwanza inahesabiwa tangu lini, utapimwa lini, unatoka lini na gharama ni za nani. Omba kwa upole, lakini usiondoke dawatini bila karatasi hiyo.